Madumu Mawili ya Mbege Hadi Mkuu

Tangu nirudi kazini mmekuwa mkiniuliza kwa nini likizo yangu fupi ilizaa nyingine, na kwa nini mimi, niliyeshika soda ya machungwa katika sherehe zote za ofisi, siku hizi nazungumza habari za pombe kama mtu aliyezaliwa kilabuni. Nimechoka kueleza vipande vipande kwenye foleni ya chakula. Naandika yote hapa mara moja, mpeane.

Mnanijua nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuusukuma nione kama umefungika, na nikifika kituoni nawaza kama pasi niliizima. Basi fikirini mtu wa namna hiyo anapokabidhiwa ndoa ya kaka yake.

Dar es Salaam hadi Moshi

Kaka yangu Elia anauza mitumba Moshi na anaishi Pasua. Alimpenda Theresia, mwalimu anayetoka mji wa Mkuu, kule Rombo. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, na mama, mtu wa Tanga asiyeruhusu hata chupa tupu ya bia ndani ya nyumba, akatulea hapa Dar. Kwa hiyo Elia alipokwenda kuposa alifuatana na vijana wenzake wa sokoni, na pombe waliyobeba, mbege, ile ya ndizi na ulezi, waliinunua kilabuni.

Babu yake Theresia, Mzee Alois, ndiye mkubwa wa ukoo. Aliitazama ile mbege akauliza swali moja tu: ni mkono wa nani? Kwa watu wale pombe ya posa lazima iwe na mpishi anayejulikana, na mpishi ndiye hunywa wa kwanza mbele ya wenyeji, waone kwamba haina ubaya. Vijana wakatazamana. Hakuna aliyejua jina la mama aliyewauzia. Mzee akafunika kata ya kunywea kwa jani la mgomba, wakarudi na madumu yao yamejaa vilevile.

Elia akadhani ataokoa jambo kwa kuahidi makreti ya bia, maana siku hizi bia za kila rangi zimejaa mpaka kwenye vioski, si kama zamani tulivyokuwa tukisikia watu wakizipangia foleni. Mzee akamjibu, "Chupa haina mkono." Akampa nafasi moja ya mwisho: alete mbege iliyopikwa na mwanamke wa nyumba ya baba yake. Ikishindikana, asimsumbue tena Theresia.

Mwanamke wa nyumba ile ni shangazi Ndeamasi, aliyerudi kuishi kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la migomba la ukoo, Kirua Vunjo, baada ya kufiwa na mumewe. Lakini shangazi aliteleza kwenye migomba akavunjika mkono, na watoto wake wote ni wa kiume. Nikabaki mimi, ambaye sikuwa nimewahi kuonja kileo chochote isipokuwa ile kata ndogo ya Meza ya Bwana. Elia alinipigia simu ofisini akaniambia, "Aneth, dada, nisaidie. Huyu nikimkosa sitapata mwingine." Elia si mtu wa kuomba. Usiku ule sikulala vizuri.

Basi lilituharibikia mbele kidogo ya Mombo. Tulikaa chini ya miti tukila machungwa mpaka midomo ikawasha, na fundi akawa anatuambia "bado kidogo" kwa sauti ya mtu asiyejua tatizo liko wapi. Karibu yangu alikaa mama mmoja anayerudi kwake Marangu na kikapu cha dagaa. Nikafanya kosa la kumweleza safari yangu. Akanitazama kwa huruma, akasema mbege haitaki mpishi mwenye wasiwasi. Pombe, alisema, inamjua mwenye hofu, inachacha makusudi.

Nikamuuliza kama kuna dawa ya hilo. Akafikiri, akanipa dagaa mmoja mkavu nitafune. Tulipoingia Moshi jua lilikuwa limeshazama, mlima umefunikwa, na Elia amesimama kituoni tangu mchana.

Pasua

Elia alikuwa amepanga. Kabla sijaenda kupika, alisema, ni lazima nijue kitu ninachokipika kina ladha gani, maana siku ya siku nitakunywa mbele ya watu, na nikikunja uso tumekwisha. Hoja yake haikuwa na kasoro. Kesho yake asubuhi akanipeleka kilabu kimoja nyuma ya gereji, mahali pa mabenchi na bati.

Mwenye kilabu alikuwa mama mnene mpole. Aliposikia kwamba nina umri huu na sijawahi kuonja mbege, aliwaita majirani zake waje kushuhudia. Nikajazwa kata. Rangi yake kama ya chai ya maziwa iliyozidi majani, na juu yake povu na maganda ya ulezi. Nikafumba macho nikameza.

Semeni mnavyotaka, lakini mimi nilitegemea kitu cha kuunguza koo. Hii ilikuwa nzito, karibu na uji, ikaanza kwa utamu wa ndizi, ikageuka chachu, na mwisho ikabaki na uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Maganda yakaninasa kwenye meno. Uso niliukunja wote, na wale majirani wakafurahi mno.

Elia akaagiza nyingine iliyopikwa jana, na nyingine ya juzi, zipangwe mbele yangu. Ya leo ilikuwa tamu. Ya jana ilikuwa imekomaa, inachangamka mdomoni. Ya juzi ilikuwa chachu ya kufumbisha jicho, na wapo wazee pale walioililia hiyo hiyo. Nikarudia kuonja ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nikaweza kuzitaja nikiwa nimefumba macho. Mama wa kilabu akanipigia makofi, kisha akaninong'oneza kwamba ya kwake huongezwa sukari iwahi kuiva, ya mlimani haitafanana.

Hilo likanirudisha kwenye hofu. Halafu ikaja hofu nyingine: nimelewa au sijalewa? Nilimuuliza Elia kila tulipofika kona ya barabara. Nikamwomba anitazame nikitembea. Akasema natembea kama siku zote, kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

Kirua Vunjo

Shangazi alinipokea mkono ukiwa umefungwa kwa kanga shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, kisha badala ya kunikumbatia akanishika viganja akavinusa. Mafuta ya kujipaka! Akaniambia kwamba mafuta huua pombe, hata harufu yake. Nikasugua mikono kwa majivu na maji ya mfereji mpaka ngozi ikakauka kama ya mfyatua matofali, na tangu siku ile mpaka naondoka sikujipaka kitu. Ndiyo sababu nilirudi na mikono ile mliyoicheka.

Sitawachosha na kila hatua. Ndizi mbivu huchemshwa kwenye pipa kutwa nzima mpaka ziwe nyekundu, kisha huachwa zitulie siku kadhaa. Ulezi uliooteshwa na kukaushwa husagwa, ukapikwa uji. Ndizi hukamuliwa na kuchujwa, maji yake yakachanganywa na uji ule, na gome la mti uitwao msesewe ndilo huleta uchungu. Ukilizidisha pombe haimezeki, ukilipunguza inakuwa kinywaji cha watoto. Shangazi alikaa kwenye kigoda akiamuru kwa mkono uliobaki. Mimi nilikoroga kwa mwiko mrefu kunipita, moshi machoni, nikiuliza baada ya kila dakika kama iko sawa.

Alivumilia siku ya kwanza. Siku ile ya kutia msesewe, niliposhika kipande cha gome juu ya pipa nikamwuliza kama kinatosha, akasema, "Mwanangu, mimi siku hiyo sitakuwepo. Ulimi si unao? Onja, uamue."

Nikaonja. Nikakumbuka zile kata za Pasua, ule uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Nikatia kipande kimoja, nikaonja, nikatia kingine kidogo, nikaacha. Sikujua kama nimefanya sawa, lakini nilijua nimefanya mimi. Shangazi hakuonja mpaka kesho yake asubuhi, povu lilipokuwa limepanda na pombe inazungumza yenyewe ndani ya pipa. Alikunywa kata nzima. Kisha akaomba ya pili, akaniambia baba yangu angeipenda.

Nililia pale pale, bila aibu. Baba simkumbuki sana. Nilikuwa sijawahi kufanya kitu ambacho mtu aliyemjua angesema angekipenda.

Kirua hadi Mwika

Mbege ikiiva haisubiri mtu. Tulijaza madumu mawili, na midomoni tukaziba kwa majani ya mgomba badala ya mifuniko, kwa sababu pombe hai ikifungiwa hupasua chombo. Shangazi alisema tukifika leo itakuwa nzuri, tukifika kesho itakuwa bahati. Rafiki wa Elia anayeitwa Baba Glory alikuja na pikapu yake, na pamoja na mashuka, mbuzi na kila kilichotakiwa, tukaondoka.

Mvua ilitukuta tukiwa tumepita Marangu Mtoni. Barabara ya kwenda Rombo ikalainika kama ugali mbichi, na hapo Mwika pikapu ikazama tairi za nyuma. Nikashuka nikasimama kwenye matope nikiwa nimeinamisha mwavuli, si juu ya kichwa changu, juu ya madumu.

Wakatokea watu wengi, wanawake kwa wanaume, wamevaa makoti na kanga kichwani. Hawakuuliza kitu. Waliona madumu yenye majani, wakaona mbuzi, wakatutazama kwa upole, na mama mmoja akanishika mkono akisema pole sana. Nikamjibu asante, maana kweli hali yangu ilikuwa ya kupewa pole. Wakasukuma gari kwa nguvu moja, likatoka, na wakaendelea kulisukuma mpaka ndani ya uwanja wa nyumba yenye turubai. Hapo ndipo nilipoelewa. Palikuwa na msiba, na sisi tulidhaniwa ni wafiwa wa mbali tuliokuja na pombe ya matanga.

Mngefanyaje? Mtu amekusukumia gari kwenye mvua, huwezi kumwambia umepotea njia. Tuliketi. Tulitoa rambirambi. Tulipewa kiburu, zile ndizi zilizopondwa na maharage, cha moto sana, na njaa iliyokuwa imeniuma tangu asubuhi ilinifanya nile kuliko mfiwa yeyote. Elia alikuwa ameloa, akitazama barabara. Kisha wanaume wawili wakasimama kwenda kushusha madumu.

Elia akawahi kuinuka. Akasema ukweli wote kwa sauti ndogo, kuanzia posa ya kwanza. Nilitegemea watukasirikie. Mwenye msiba, mjane wa makamo, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa amri kwamba pombe ya posa isifunguliwe nyumbani kwa maiti, na kwa kuwa barabara haipitiki tena leo, tulale pale. Akaagiza madumu yetu yaingizwe jikoni yasinyeshewe. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nikaenda jikoni kuyachukua, nikakuta madumu yamesogezwa karibu na mafiga, wema ulioje, ili yasipate baridi. Moto wa kupikia waombolezaji ulikuwa haujazimika tangu jana. Niligusa dumu la kwanza, lilikuwa na joto kama mtu mwenye homa. Jani la mgomba lilikuwa limerushwa pembeni, na povu limekauka ubavuni.

Nikachovya kidole nikaonja. Ilikuwa chachu zaidi ya ile ya juzi niliyoonja Pasua.

Mkuu

Njia nzima niligeuka kuyatazama madumu kule nyuma. Elia aliniuliza ikoje, nikamwambia ni chachu. Akageuza uso dirishani. Baba Glory alijaribu kutuchekesha, akaacha. Nilimkumbuka yule mama wa dagaa, nikaamini kabisa kwamba hofu yangu ndiyo iliyoichachusha, wala si mafiga.

Kwa kina Theresia wanawake ndio hupokea pombe, nyuma ya nyumba, mlangoni pa jiko. Theresia alikuwa ndani hatakiwi kuonekana. Mama yake, mwanamke mrefu mwenye rozari shingoni, alinisalimu, akatoa jani, akanusa. Hakunilaumu. Alinishika kiwiko akanivuta ndani ya jiko, na kule pembeni akaondoa gunia juu ya pipa dogo.

"Hii nimepika kwa siri," alisema. "Niliogopa yenu ingeharibika. Mwanangu alilia mwezi mzima ile mara ya kwanza. Mwageni yenu, mjaze hii."

Nyumba nzima, kumbe, ilikuwa na hofu kama yangu. Elia, aliyekuwa ametufuata, hakungoja nijibu. Alimwaga dumu la kwanza kwenye migomba, akaanza kujaza. Akanitazama tu, macho yakiomba kama ile sauti yake kwenye simu ya ofisini. La pili lilibaki nje na pombe yangu ndani yake, muda ulikuwa umetuishia. Sikukataa. Nataka mjue hilo, sikukataa.

Tukaitwa mbele. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja na mabenchi ya kanisa. Mzee Alois alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, koti kubwa, viatu vyeusi vimeng'arishwa. Nikampa shikamoo, nikapiga goti. Nikajaza kata na kunywa wa kwanza.

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa pombe nzuri kuliko zote nilizoonja, laini, utamu na uchachu vinasaidiana, na msesewe wake ulikuwa mwingi kuliko nilioutia mimi, ukakaa ulimini muda mrefu bila kuudhi. Wiki chache kabla nisingetambua lolote. Sasa niliitambua kama mtu anavyotambua kwamba amevaa viatu vya mwingine.

"Mkono wa nani?" Mzee Alois aliuliza.

Elia alikuwa kushoto kwangu, nikamsikia akivuta pumzi. Jibu lilikuwa neno moja, wangu, na kila mtu pale alitaka nilitamke. Nilifungua mdomo nikaliona neno lenyewe halitoki. Mnisamehe, mimi ni mwoga, na watu wengi hudhani mwoga ndiye mwepesi wa kusema uongo. Mimi uongo unanitisha zaidi, kwa sababu utakuwepo na kesho.

"Wa Mama Theresia," nikasema.

Nilisikia mlango wa jiko ukifungwa. Mzee akanyoosha mkono, akaichukua kata kutoka kwangu, akaonja kidogo, akairudisha.

"Huyo amenipikia tangu alipoolewa na mwanangu," alisema. "Ungesema wako, mngekuwa mmeshafika barabarani." Akajifuta mdomo. "Wako uko wapi?"

Nikamwambia uko nyuma, ndani ya dumu, umechacha. Nikaeleza mvua, msiba na mafiga, maneno yakinitoka ovyo ovyo, na nilipofika kwenye kiburu mzee mmoja akacheka. Mzee Alois hakucheka. Aliagiza dumu liletwe.

Nikajaza upya, nikanywa wa kwanza. Ilikuwa kali, jicho moja likafumba lenyewe, lakini safari hii uso sikuuficha. Nikampa kata kwa mikono miwili. Akainywa taratibu hadi mwisho, mishipa ya shingo imemtoka, nami nikimtazama koo kila lilipopanda na kushuka. Akakung'uta maganda ya ulezi chini.

"Imechacha," alisema. Akanirudishia kata. "Nijazie."

Nikamjazia kwa haraka mpaka nusu yake ikamwagikia vile viatu vyeusi, na ndani ya nyumba nikamsikia Theresia akipiga kigelegele ambacho bila shaka alikatazwa.